Mama wa watu nimwiteje kwa Kiingereza?

Toleo lililopita nilimjibu mzazi mmoja wa Tabata kwa mistari miwili tu, kwamba mwanawe aache kuandika "a female" kila anapomtaja mwanamke kwenye insha. Nikadhani yamekwisha. Kumbe nimechokonoa mzinga. Tangu jarida lilipotoka, barua na ujumbe wa simu haviishi, na karibu wote mnauliza jambo lilelile kwa sura tofauti: girl, lady, woman, madam, auntie, lipi la nani? Nimechagua zenye kisa ndani yake. Wale wa "Mwalimu naomba orodha tu" nimewaweka pembeni, maana orodha nikiwapa leo kesho mtaniletea kesi nyingine.

*

Shikamoo Mwalimu. Mimi ni dereva wa teksi ya mtandaoni, nazunguka sana Masaki na Oysterbay. Juzi nilipata abiria hotelini, mama mtu mzima, mvi zimejaa kichwani, Mmarekani mweusi. Nilimtumia ujumbe, "I am outside, my old mama." Alipotoka nikamfungulia mlango nikamwambia, "Welcome auntie." Safari nzima hadi Kariakoo hakufungua mdomo. Akashuka, akalipa, nyota akanipa mbili. Mwalimu, nilimheshimu kama mama yangu mzazi. Nimekosea wapi?
Dereva, Mwananyamala

Marahaba, mwanangu. Heshima ulikuwa nayo, ila haikufika kwake.

Sisi tukitaka kumpandisha mwanamke cheo tunamwongezea umri. Binti wa miaka ishirini na mbili akipanda daladala pale Makumbusho na mtoto mgongoni, konda anapaza sauti "mpisheni mama", na mtu mwenye mvi zake anasimama. Muuza nyanya wa Buguruni anaitwa mama na mteja aliyemzidi umri, na hakuna anayekaa chini kuhesabu miaka. Mtazameni Bibi Titi Mohamed, ambaye barabara kubwa ya katikati ya mji ina jina lake. Alizaliwa 1926. Katika ile miaka ya 1950, alipokuwa akiwaingiza wanawake TANU kwa mamia, alikuwa hajafika hata miaka 35. Lakini alikuwa Bibi Titi, na hakuna aliyemuuliza wajukuu wako wapi.

Kiingereza kinakwenda njia nyingine. Kwao mwanamke usiyemjua unamheshimu kwa kutougusa umri wake wala ndoa yake. Ndiyo maana "old", hata ukilitanguliza "my" la mapenzi, linabaki palepale. Halafu lile "mama". Kwenye mitaa ya Marekani, neno hilo likitoka kwa mwanamume asiyekujua, mara nyingi ni la kutongozea. Kwa hiyo ujumbe wako ulimzeesha na kumtongoza kwa wakati mmoja, na hapo bado hajaliona gari.

Sasa tuje kwenye "auntie". Ungekuwa umembeba Mhindi, Mghana, Mnaijeria au mtu wa Afrika Kusini, huenda angetabasamu, kwa sababu kwao neno hilo linatumika kama sisi tunavyosema shangazi au anti. Mwingereza mzungu angeshangaa kidogo, kwao auntie ni la mtoto kumwita dada wa baba, dada wa mama au rafiki wa familia. Mmarekani mweusi wa rika lile ana historia yake. Kusini mwa nchi yao, enzi za ubaguzi, wazungu wengi walikataa kabisa kumwita mwanamke mweusi Miss au Mrs. Angali kijana alikuwa "girl", hata awe na watoto watano nyumbani. Akizeeka, "auntie". Mwaka 1963 huko Alabama, mwanaharakati Mary Hamilton alisimama mahakamani, mwendesha mashtaka akawa anamwita "Mary". Akagoma kujibu mpaka aitwe Miss Hamilton, kama mashahidi wazungu walivyokuwa wakiitwa. Hakimu akamhukumu siku tano jela na faini ya dola 50 kwa kuidharau mahakama. Shauri likapanda hadi Mahakama ya Juu ya Marekani, na mwaka 1964 mahakama hiyo ikampa haki yake.

Sisemi abiria wako alikuwa anamuwaza Mary Hamilton mkivuka daraja la Tanzanite. Wenyewe kwa wenyewe wanaitana auntie kwa upendo mkubwa. Lakini wewe hukuwa mpwa wake kwa kumfungulia mlango.

Basi useme nini? Mara nyingi, usimwite chochote. Andika hivi: "Good morning. I'm outside the main gate, in the white Toyota." Soma tena uone kama kuna neno lolote la kumwita mwanamke hapo. Hakuna, na adabu imetimia, imebebwa na "good morning". Sisi salamu isiyo na mama, dada au bibi tunaiona kavu, mtu anaweza kukuuliza umelelewa wapi. Wao wanaiona kamili. Hata unapotaka kupita kwenye msongamano, kazi tunayoipa "samahani mama" wao wanaifanya kwa "excuse me" tupu. Watu wengi niliowanoa kwenye hoteli za Msasani baada ya kuacha chaki walihangaika kutafuta neno sahihi la kumwita mgeni, wakati sentensi waliyokuwa nayo haikuhitaji neno.

Iko siku utalazimika kuita. Amesahau miwani kwenye kiti na anaishia zake sokoni. Akiwa Mmarekani, paza sauti "Ma'am!" Kusini kwao watoto wanafundishwa "yes, ma'am" wangali wadogo kama sisi tunavyofundishwa shikamoo. Wapo wanawake wa miji ya kaskazini wanaoona neno hilo linawazeesha, ila sidhani kama watakunyima nyota. Akiwa Mwingereza, "madam" linafaa mlangoni mwa hoteli na dukani, barabarani sema "excuse me". Uingereza "ma'am" ni la malkia na la askari polisi kwa mkubwa wake wa kike, ukimwita hivyo mtalii wa Manchester atageuka nyuma aone nani anaitwa. Na programu yako inakuonyesha jina la abiria, alilolijaza mwenyewe. "Hello, Denise?" halina ubaya. Kwa mama yule wa Kimarekani ukisema "Miss Denise", jina lake la kwanza likiwa na Miss mbele, utakuwa umeongea kama kijana aliyelelewa vizuri huko Kusini kwao.

*

Mwalimu, habari za kazi. Mimi ni katibu muhtasi, ofisi yetu ipo Posta. Tuna barua nyingi za nje siku hizi. Mwanamke nisiyejua kama ameolewa nimwandikie Miss, Mrs au Ms? Bosi wangu anasema niandike "Dear Madam Rehema" na mengine niyaache.
Katibu, Posta

Salama. Bosi wako simwingilii kazini kwake, ila kwa hili hapana. "Madam Rehema" ni Kiingereza cha shule zetu za sekondari, yeye na pacha wake "Sir John". Nimeitikia Madam miaka yote ya ualimu, na ukinikuta Magomeni niite hivyohivyo. Barua ikivuka mpaka ndipo mambo yanapobadilika. Kwa Waingereza "Sir John" ni mtu aliyetunukiwa na mfalme au malkia, na mkewe anaitwa Lady kwa jina la ukoo la mume. Madam nalo halikai mbele ya jina la mtu, linakaa mbele ya cheo. Rais Samia ni "Madam President". Anna Makinda alipokalia kiti Bungeni, 2010 hadi 2015, alikuwa "Madam Speaker".

Wewe tumia Ms, na ukilisoma kwa sauti sema "miz". Mr halisemi kama mwanamume ana mke, anaye mmoja, anao wanne au hana, na hakuna aliyewahi kulalamika. Wanawake wakauliza kwa nini bahasha yao itangaze ndoa. Ms lilipendekezwa kwenye gazeti moja la Massachusetts mwaka 1901, likalala usingizi mrefu. Mwaka 1961 mwanaharakati Sheila Michaels akaliona kwenye anwani ya jarida lililotumwa kwa msichana aliyepanga naye, akadhani ni kosa la taipu. Baadaye akalipigania hadi redioni. Mwandishi na mwanaharakati Gloria Steinem na wenzake wakaanzisha jarida la jina hilohilo, likaanza kutoka rasmi mwaka 1972. Gazeti la The New York Times liligoma kulitumia mpaka 1986. Wenzao wa Ulaya nao wamepita huko: Ujerumani Magharibi iliacha "Fräulein", Miss ya Kijerumani, kwenye ofisi za serikali mwaka 1972, na Ufaransa ikaifuta "mademoiselle", Miss ya Kifaransa, kwenye fomu zake mwaka 2012.

Na kabla hujamwona bosi wako kuwa wa kizamani, ujue Miss na Mrs yametoka tumbo moja, neno "mistress". Zamani sana, hadi karne ya 18, Mrs lilikuwa la mwanamke mwenye hadhi yake, ameolewa au hajaolewa. Lilikuwa jirani kabisa na Bibi yetu.

Mrs andika pale mwenyewe alipojiandika hivyo. Itazame saini yake kwenye barua iliyopita, utapata jibu. Akiwa daktari au profesa, cheo hicho kinatangulia na mengine yanakaa nje. Naona Watanzania tunapenda sana kubandika "Dr Mrs" pamoja. Mama ametoka jasho kuupata udaktari wa falsafa, ndoa yake ina haja gani ya kumsindikiza kwenye bahasha?

Usipojua jina kabisa, "Dear Madam" inaruhusiwa, na barua inafungwa kwa "Yours faithfully". Ukiwa na jina, "Dear Ms Fulani", unafunga kwa "Yours sincerely". Ila kabla ya kuandika Dear Madam, piga simu mapokezi kwao uulize anayepokea barua hizo ni nani. Dakika moja tu.

*

Mwalimu, nikimwandikia msichana wa kigeni niliyemwona Instagram, "hi baby girl" na "hello pretty lady", lipi lina heshima zaidi?
Kijana, Kinondoni

Hakuna. Andika jina lake, useme wewe ni nani na unataka nini. Asipojibu, amejibu.

*

Mwalimu, salaam sana. Binti aliyenilelea watoto wangu watatu sasa wamekua, na yeye anaomba kazi kwa familia ya kigeni Mikocheni. Nimemwandikia wasifu wa Kiingereza: "I am a good house girl, very obedient, aged 29. Marital status: spinster." Mwanangu wa kidato cha pili anasema nifute "house girl" niweke "house sister", eti ndiyo dada wa kazi. Naomba unisahihishie kabla hatujapeleka.
Mama wa watatu, Kimara

Salaam, mama wa watatu. "House sister" nimeicheka mpaka chai ikapoa. Mwambie mwanao wazo lake ni zuri, Kiingereza ndicho kimemwangusha. Nje ya familia, "sister" ni mtawa, na kwenye hospitali za Uingereza ni muuguzi anayeongoza wodi. Familia ya Mikocheni itakaa getini kumsubiri mtu mwenye rozari.

Lakini mtoto amenusa kitu. "House girl" lina uzee wa aibu. Mkoloni alikuwa na mwanamume mzima jikoni, ana ndevu, ana wake na wajukuu, akimwita "boi". Hausigeli ametoka nyumba hiyohiyo. Kiswahili kimeanza kujisafisha chenyewe, leo mtu anasema dada wa kazi, binti wa kazi, msaidizi wa nyumbani, na wanaong'ang'ania hausigeli wanazidi kupungua angalau mbele za watu. Kiingereza nacho kina la kwake. Shirika la Kazi Duniani lilipopitisha Mkataba namba 189 huko Geneva, Juni 2011, liliwataja kuwa "domestic workers", likaweka na mapumziko ya saa 24 mfululizo kila wiki. Hilo ndilo la kwenye mkataba wa ajira, na hayo mapumziko mwambie ayaulizie.

Kwenye wasifu, taja kazi yenyewe. Aliyelea watoto ni "nanny". Anayeendesha nyumba, usafi, manunuzi, nguo, ni "housekeeper". Anayepika ni "cook". Binti yako, kwa maelezo yako, amekuwa vyote vitatu kwa mshahara mmoja, lakini hilo tutaongea siku nyingine. "Maid" liache, hata hoteli siku hizi husema "housekeeping".

"Obedient" futa. Ni sifa ya mtoto anayeambiwa kaa akakaa. Weka "reliable", mtu wa kutegemewa. "Spinster" futa pia, na usirudi nyuma kuliangalia. Zamani lilikuwa la mwanamke anayesokota nyuzi, likageuka la mwanamke aliyekosa mume, lenye mate ya dharau. Hata Uingereza na Wales, waliokuwa wakiliandika kwenye kumbukumbu za ndoa, waliliacha Desemba 2005 wakaweka "single". Na umri na ndoa si lazima vikae kwenye wasifu huo. Wakitaka kujua watauliza.

Nimemwandikia hivi, mpe aisome mpaka aizoee ulimini: "I am an experienced nanny and housekeeper. I helped raise three children in one family in Kimara, from infancy to school age. I cook, keep household accounts, and I am reliable and calm with children." Hiyo ya mahesabu ya nyumba nimeiweka kwa sababu najua nani huenda gengeni na nani hurudisha chenji. Kama kwako haikuwa hivyo, itoe.

Siku ya usaili watamuuliza, "What should we call you?" Ataje jina lake, basi. Na yeye amwite mwajiri kwa jina watakaloambiana, wengi watasema lile la kwanza. Asije akateleza akasema mamsapu. Neno hilo lilitoka India, "ma'am" ya Waingereza imeunganishwa na "sahib", yaani bwana, na sisi tumeligeuza utani wa kumwitia mke. Mwajiri anayeijua historia yake hatacheka.

*

Mwalimu, nina miaka 41, mhasibu kwenye kampuni moja hapa mjini. Mkurugenzi wetu ni mgeni, na kila kikao utamsikia, "The girls in accounts will handle it." Wenzangu wanasema ni mapenzi tu. Mimi linanikera. Nina gubu?
Mhasibu, Upanga

Huna gubu, dada. Jiulize kitu kimoja: wanaume wa stoo anawaitaje? Kama nao ni "the boys", basi huyo bwana amezoea kuwaona wafanyakazi wote kama timu ya chandimu, unaweza kumvumilia au la. Kama wao ni "the guys" au "the stores team" na nyinyi ndio girls, umeshapata jibu bila mimi.

Kwa Kiingereza cha leo "girl" ni mtoto. Sheria yetu ya Mtoto ya 2009 inaishia chini ya miaka 18, na Waingereza waangalifu nao wanaishia hapohapo. Wa miaka kumi na sita au saba tayari anastahili "young woman", hasa mbele ya wenzake. Kuanzia kumi na nane ni "woman". Wanawake wenyewe wanaambiana "girls" wakipanga kutoka Ijumaa, na hapo hakuna kesi, ni ruhusa wanayopeana wao. Mkurugenzi hayumo kwenye kundi hilo la WhatsApp.

Nimegundua Watanzania wengi wanaliogopa "woman", na najua woga umetoka wapi. Kwa Kiswahili ukisema "huyu mwanamke" mbele yake umeshaanzisha ugomvi. Kwa hiyo mtu akiongea Kiingereza anakimbilia "lady" kila mahali: lady driver, lady customer, a lady was sick. Kwao "woman" ni neno tulivu la kila siku. "The woman in the blue dress", "a woman from the bank called", hakuna aliyetukanwa. Ukali unakuja ukiligeuza la kumwitia mtu. "Woman, come here!" inauma sawasawa na "we mwanamke, njoo hapa!" Kumtaja, sawa. Kumwita, usithubutu.

"Lady" lina mahali pake. Mtu akiwa amesimama pale anasikia, "this lady was here before me" ni adabu nzuri ya kwenye foleni ya benki. Ukiwahutubia wengi, "ladies" linapita, ingawa huko London mwaka 2017 shirika la usafiri wa jiji liliacha "ladies and gentlemen" kwenye matangazo ya treni, wakaweka "good morning, everyone".

Kikao kijacho, akisema girls, mjibu palepale kwa uso wa kawaida: "Yes, the accounts team will have it ready by Thursday." Hujamgombeza, umemrudishia sentensi yake ikiwa imenyooka. Rudia kila anaposema. Akichelewa kuelewa, mfuate ofisini umwambie waziwazi.

*

Mwalimu, ni yule mzazi wa Tabata. Umesema "female" si zuri, mbona kwenye ripoti za polisi na kadi za kliniki limejaa?

Ulifanya vizuri kurudi. Polisi na kliniki wanajaza fomu, na kwenye fomu kuna visanduku viwili. Daktari wa mifugo naye ana visanduku hivyohivyo. Ndiyo sababu mwanao akiandika "two females entered the shop" msomaji anatazamia mbuzi. Neno hilo ni sifa, lipe jina la kuegemea: "female passengers", "female voters". Hata hapo ajiulize kama lina kazi. Rubani mwanamke ni "pilot", askari ni "police officer", na polisi wa London waliacha kuwatenga kwa herufi za WPC, yaani "Woman Police Constable", mwaka 1999. "Air hostess" wa insha zetu sasa ni "flight attendant". Mtihani wa Taifa sijui watasahihishaje, lakini mwanao akiandika hivyo hakosi.

*

Mwanangu Mwalimu, hujambo? Mimi ni bibi wa Ilala, nina vitukuu. Juzi kulikuwa na kupima presha bure hapa mtaani, akaja kijana daktari wa kigeni, akanishika mkono akasema, "And how are you today, young lady?" Mjukuu wangu alipotafsiri kila mtu akacheka. Mimi sikucheka. Alikuwa ananifanyia dhihaka?
Bibi, Ilala

Sijambo, shikamoo mama. Naandika jibu hili kwa Kiswahili cha adabu zote, mjukuu akusomee polepole.

Hakukudhihaki, alitaka kukufurahisha. Kwao wengi uzee ni kitu cha kuficha, hivyo akikutana na mtu mzima anampunguzia miaka kwa mzaha, akidhani amempa zawadi. Wewe miaka yako umeihangaikia mwenyewe, umezaa, umezika, umelea, halafu mtoto wa juzi anakunyang'anya yote kwa maneno mawili. Ninakuelewa kabisa kwa nini hukucheka. Na usidhani wenzio wa huko wanapenda. Wapo bibi wengi wa Kiingereza wanaochukia kuitwa "young lady", maana ndilo neno mama analomwambia binti yake aliyechelewa kurudi nyumbani: "Where have you been, young lady?"

Wanavyolizunguka neno "old" ni jambo la kutazama. Umoja wa Mataifa ulitenga Oktoba 1, tangu azimio la mwaka 1990, kuwa siku yenu. Sisi tunasema Siku ya Wazee, moja kwa moja, na tunaisherehekea. Kwa Kiingereza ni siku ya "Older Persons". Kwenye masikio yao "older" ni laini kuliko "old", hata "elderly" wameanza kulikwepa, "old woman" ndiyo kabisa usimwambie mtu. Kwa hiyo mjukuu wako akikuongelea kwa Kiingereza, aseme "my grandmother". Hilo kwao lina heshima zote. Asiseme "this old woman" akidhani ametafsiri bibi kizee.

Na daktari yule akirudi, mjukuu amwambie taratibu: "Please call her Bibi. And here we greet her with shikamoo." Wageni wengi wanaipenda sana shikamoo wakishaijua, watakusalimia asubuhi, mchana na jioni mpaka uchoke kuitikia marahaba.

Kama presha ilisoma juu siku ile, nenda ukapime tena kabla hujabadilishiwa dawa. Huenda ilipandishwa na lile neno.